Njiti Sita za Nikromu

Kila muhula, tukifika kwenye somo la aloi zinazostahimili moto, mimi huweka sumaku mezani na kuwaambia wanafunzi wangu wasiiamini. Nafundisha katika chuo kidogo cha ufundi hapa Nairobi, na wengi wa wanafunzi wangu watamaliza wakatengeneze pasi, heta za kuogea, oveni za mikate na zile mashine za kukaushia nywele. Ndani ya vitu hivyo vyote kuna waya ileile, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao mafundi huuita nikromu. Umeme ukipita humo hupata shida kupenya, na kwa sababu ya shida hiyo waya inakuwa nyekundu.

Waya ya kawaida ikiachwa katika wekundu huo huliwa na hewa. Hutoa magamba meusi, hulegea, mwishowe hukatika. Nikromu haifanyi hivyo, kwa sababu kromiamu iliyomo hujitokeza juu na kutengeneza ngozi nyembamba, yenye ukijani kidogo ukiitazama vizuri, na ngozi hiyo huizuia hewa. Nikeli nayo inaisaidia ibaki imara ikiwa ndani ya moto. Haya naweza kuyafundisha nikiwa nimefumba macho.

Kisha huja habari ya sumaku. Watu wa mjini husema nikromu haishiki sumaku, na ni kweli. Ila stenlesi nyingi, vile vyuma visivyoshika kutu, nazo hazishiki, na stenlesi ukiipandisha hadi joto la tanuri la vyombo vya udongo haiwezi kubeba kitu. Basi huwasimulia habari ya msimamizi mmoja wa karakana ya shanga aliyenunua waya kwa kutegemea sumaku, akaharibu oda nzima. Wanafunzi hucheka. Mimi pia hucheka nao kidogo. Siwaambii kwamba msimamizi huyo ni mimi.

Muhula uliopita, msichana mmoja anayekaa mstari wa mbele, mtu wa maneno machache, aliinua mkono.

"Mwalimu, alifutwa kazi?"

"Nani?"

"Huyo msimamizi."

Nikasema hapana, hakufutwa.

"Sasa lawama ilienda kwa nani?" akauliza. "Oda nzima haiwezi haribika hivyo tu, watu wakae kimya. Lazima kuna mtu alibebeshwa."

Nikamwambia kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebakiza dakika ishirini. Darasa zima lilinitazama nikikusanya chaki, sumaku na vipande vyangu vya waya, nikatoka.

Karakana ilikuwa Riruta, nyuma ya ploti za kupangisha, mahali ambapo honi za Naivasha Road zilisikika bila ya barabara yenyewe kuonekana. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Mwenye karakana alikuwa mama wa Kihindi aliyestaafu ualimu, akiishi Kileleshwa, na alikuwa ameianzisha kwa udongo wa gunia moja kwenye veranda yake. Tulifinyanga shanga, tukazichoma mara ya kwanza, tukazipaka glezi, yaani ule uji wenye unga wa kioo, kisha tukazichoma tena ili glezi iyeyuke ing'ae.

Katika uchomaji huo wa pili ndipo nikromu inapohitajika. Shanga yenye glezi haiwezi kulazwa chini, kwa sababu glezi ikiyeyuka itaigandisha kwenye rafu. Lazima ining'inie. Basi hukatwa njiti za waya, fupi kuzidi penseli kidogo, shanga zikatungwa juu yake moja moja zisigusane, na njiti zikalazwa juu ya nguzo ndogo za udongo ndani ya tanuri. Joto linapita nyuzi elfu moja. Njiti inatakiwa ikae humo, nyekundu kabisa, imebeba mzigo, na isipinde.

Tanuri lilikuwa la mama mmoja kutoka Ukambani. Nasema lilikuwa lake kwa sababu kila mtu alisema hivyo. Alikuja Nairobi kufanya kazi ya nyumbani kwa yule mama wa Kileleshwa, akapika na kufua kwake miaka mingi, na karakana ilipoanzishwa akafundishwa kuchoma. Alimpita aliyemfundisha. Kipima joto cha tanuri kilikuwa kimekufa kabla sijaajiriwa, na hakuna aliyejisumbua kukitengeneza, maana mama huyo alisoma moto kwa macho. Alikaa kwenye stuli yake mbele ya tundu la kuchungulia, amevaa aproni ya ngozi, na rangi ikitoka wekundu wa giza hadi rangi ya ganda la chungwa lililoiva, alizima. Hakukosea hata mara moja nilipokuwa pale.

Mimi niliingia nikiwa na diploma na miaka ishirini na minne. Nilifanywa msimamizi. Wengine wote waliniita madam, na nilipenda, siwezi kudanganya. Mama wa tanuri peke yake aliniita mtoto wangu. Alikuwa akiniambia, "Mtoto wangu, umekunywa chai?" mbele ya wateja, nami nilihisi diploma yangu ikishuka ngazi moja. Leo ningetoa mengi kuitwa hivyo na mtu mwenye haki ya kuniita. Siku hizo nilikuwa na kichwa kikubwa na hasira za karibu, na nilimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwa na cheti chochote kwa sababu tanuri lilimsikiliza yeye.

Tulipata oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, shanga za buluu za duka la zawadi la katikati ya mji. Zilikuwa zichukuliwe Ijumaa. Jumatatu tukaona njiti zilizobaki nzima ni chache. Mama wa tanuri alizoea kwenda kununua waya mwenyewe, lakini wiki hiyo nilisema nitakwenda mimi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari ya sumaku, nikanunua sumaku ndogo ya duara, na nilitaka watu wajue kwamba kazi hii ina sayansi yake.

Duka tulilonunulia lilikuwa upande wa chini wa mji, karibu na River Road. Mwenyewe ni mzee wa Kisikh ambaye ameuza waya za heta tangu enzi za baba yake. Alinisalimu vizuri, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Yule mama hajakuja?"

"Nimekuja mimi. Mimi ndiye msimamizi."

"Sawa, binti. Ngoja nikukatie kipande tuchome."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao wawili. Kila mara mzee alikata kipande cha urefu wa kidole, akakishika kwa koleo, akakipuliza moto wa gesi hadi kikawa cheupe kwa joto, na mama akakitazama kikipoa. Kama hakikutoa magamba na hakikulegea, alichukua. Mimi sikungoja. Nilitoa sumaku yangu, nikaibandika kwenye roli ya waya mbele ya wateja. Haikushika. Nikamtazama mzee kama niliyemfumania na kitu.

Mzee akacheka. Hakuwa na ubaya wowote. "Sumaku ni ya kuokota misumari, binti. Iko siku itakudanganya."

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri fyuzi nao wakacheka. Nilisikia uso wangu ukiwaka. Nikamwambia waya yake siitaki, akae nayo, nikatoka. Milango mitatu mbele kulikuwa na duka jingine. Muuzaji akaniletea roli inayong'aa, safi kuliko ya mzee. "Hii ni ya heta, madam. Weka sumaku yako ujionee." Nikaweka. Haikushika. Nikalipa na kurudi Riruta nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Mama wa tanuri aliipokea roli, akakunja kipande kwa vidole vyake, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Hii ni laini sana. Umetoa kwa mzee?"

"Ndiyo," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na niliutoa haraka kiasi kwamba sikuuhesabu kuwa uongo.

"Basi kesho niichome peke yake kwanza, tuone."

Alikuwa na mazoea hayo. Kila roli mpya aliikatia njiti mbili tatu, akazitungia shanga zilizovunjika, akazichoma bila mzigo wa maana. Alisema anaizoesha moto.

"Hakuna nafasi ya kesho," nikamwambia. "Oda inachukuliwa Ijumaa."

"Ni moto mmoja tu, mtoto wangu."

"Mama, mimi haya mambo nimeyasomea."

Wenzetu walikuwa mezani wakifinyanga, mikono yote ikasimama. Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa, madam." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na niliona haya hapo hapo, lakini haya yenyewe ikageuka hasira, nikaenda ofisini.

Alikata njiti, akatunga, akapanga tanuri siku nzima ya Jumanne. Jioni alikuja mlangoni kwangu akaniambia rafu tatu za chini ni za waya mpya, na rafu ya juu ameweka njiti sita za zamani zilizokuwa zimebaki. Nikaitikia bila kuinua kichwa.

Jumatano akachoma. Nilikuwepo alipozima. Alichungulia tunduni, akarudi nyuma, akachungulia tena, akasema, "Leo imekubali vizuri," akashusha swichi. Nami nilichungulia. Ilikuwa rangi ya chungwa, ile ile ya siku zote. Naandika hili ili ijulikane kwamba niliona.

Tanuri hufunguliwa kesho yake likishapoa, na aliyechoma ndiye anayefungua. Hiyo nayo ilikuwa desturi, na hakuna aliyeivunja. Alhamisi mama alikuwa na mazoea ya kupitia ibada ya asubuhi, akifika kazini saa tatu. Mimi nilifika saa moja. Nilikuwa na ufunguo, nilikuwa na haraka ya kuziona shanga zangu za buluu, na labda nilitaka mara moja tu kuwa mtu anayefungua.

Joto lilinipiga usoni. Rafu ya juu ilikuwa nzuri ajabu. Njiti sita zimenyooka kama zilivyoingia, rangi yake ya kijivu chenye ukijani, na shanga za buluu zimekaa kila moja mahali pake, ziking'aa. Chini yake, rafu zote tatu, njiti zilikuwa zimelegea kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi. Shanga zilikuwa zimeteleza katikati na kugandana mafungu mafungu, na magamba meusi ya waya yalikuwa yameangukia kwenye glezi yakazama humo.

Sikuhitaji kufikiri. Nilijua papo hapo, nikiwa nimesimama na glavu mkononi. Moto ungekuwa umezidi, rafu ya juu isingepona. Waya ya mzee ilikuwa imesimama, waya yangu ilikuwa imeanguka, katika tanuri moja, siku moja. Mtu yeyote angeliona hilo kwa mtazamo mmoja.

Kwa hiyo nilihakikisha hakuna atakayeliona. Nilitoa zile njiti sita pamoja na shanga zake, nikazifunga kwenye gazeti, nikaziweka katika mkoba wangu. Hazikuwa zimepoa sawasawa, na bitana ya mkoba ikayeyuka kidogo. Nakumbuka harufu ya plastiki. Kisha nikapiga simu Kileleshwa.

Mwenye karakana alifika na gari lake karibu wakati mmoja na mama wa tanuri, ambaye bado alikuwa na kitambaa cha kanisani kichwani. Wote wawili wakasimama mbele ya tanuri lililo wazi. Mama wa Kileleshwa alichukua fungu la shanga zilizogandana, akaligeuza geuza.

"Moto ulizidi?" akaniuliza.

"Inaonekana," nikasema.

Neno moja tu. Sikumtaja mtu. Kwa miaka mingi nimejaribu kujitetea kwa hilo, kwamba sikumtaja mtu.

Mama wa tanuri aliinama akatazama ndani. "Na zile za juu?" akauliza. "Za zamani?"

"Zote zilipinda. Nimeshazitoa."

Alinigeukia. Nilidhani amejua, na kwa kweli kuna sehemu yangu iliyotaka ajue, anipigie kelele, yaishe. Lakini hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akikumbuka. Alinyanyua pindo la kitambaa chake akajifuta jicho la kulia, halafu la kushoto, polepole.

"Basi ni macho," akasema. "Niliona chungwa. Kumbe lilikuwa limeshapita."

"Sio kosa lako," mwenye karakana akamwambia kwa upole, akamshika bega. "Umri unakuja kwetu sote." Upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi, kwa sababu ulimaliza neno. Mtu akitukanwa hujibu. Yeye alisema asante.

Hakufutwa. Alihamishiwa meza ya kufinyanga, na tanuri likawa langu, pamoja na kipima joto kipya kilichonunuliwa wiki iliyofuata. Saa kumi jioni ya siku ile ile alivua aproni ya ngozi, akaitundika kwenye msumari, akaniletea ufunguo mezani. Akaniambia swichi ya chini huwa inakwama, niibonyeze kwa kidole gumba. Kwenye mkoba, kando ya mguu wangu, zile njiti sita zilikuwa zimeshapoa.

Ilinibidi nirudi kwa mzee wa River Road, kwani mahali pengine sikuwa na imani napo. Nilikwenda nimeinamisha kichwa, nikamwonyesha kipande cha ile waya inayong'aa. Hakuuliza nilikitoa wapi. Alikishika kwa koleo upande mmoja, na upande mwingine akashika nikromu, akavipuliza moto pamoja. Changu kikaanza kumwaga magamba juu ya kaunta. Chake kikabaki kilivyo.

"Stenlesi," akasema. "Nzuri kwa sinki." Kisha akauliza, "Yule mama?"

"Haji tena mjini. Macho yamemsumbua."

"Macho?" Mzee alizima gesi. "Yule? Aliwahi niambia kipande changu kimeungwa, na mimi mwenyewe sikuwa nimeona."

Nikalipa, nikaondoka. Ningeweza kusema hapo pia. Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema, na nakumbuka kila moja.

Alikaa meza ya kufinyanga miezi miwili. Nilimwona akianza kuwapa wasichana sindano wamtungie uzi, mtu ambaye wiki chache nyuma alikuwa akitunga mwenyewe. Nilimwona akishika ukuta akishuka ngazi mbili za mlangoni. Siku moja alikuja amevaa miwani, ya kununua barabarani mjini, mikubwa, inayomfanya aonekane anashangaa kila kitu. Wenzake wakamtania kwamba amekuwa profesa. Alicheka nao. Akaniuliza mimi, "Imenikaa, madam?" Nikasema imemkaa vizuri sana. Mwisho wa mwezi akaaga, akasema mtu asiyeona atawaharibia watu kazi.

Nilisifiwa katika karakana ile kwa miaka mitatu. Ilisemekana nimelinyoosha tanuri. Baadaye mwenye karakana alihamia kwa mwanawe ng'ambo, mahali pakafungwa, nami nikapata kazi ya kufundisha. Njiti sita nilizihifadhi ndani ya gazeti lile lile, juu ya kabati. Sijui kwa nini sikuzitupa. Nadhani nilijiambia kwamba maadamu ninazo, siku moja nitazirudisha, na kwa sababu nitazirudisha, mimi si mtu mbaya kabisa.

Swali la yule mwanafunzi lilinikosesha raha wiki nzima. Nikampigia mmoja wa wanawake tuliofanya nao kazi, akaniambia mama wa tanuri yuko Kenyatta Market, anaosha na kukausha nywele katika saluni moja upande wa vibanda vya nyama. Jumamosi nikashusha njiti, nikaziweka katika mkoba, nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno. Ningemwekea njiti mapajani na kumwambia: tazama, hizi ndizo za rafu ya juu, macho yako hayakuwa na kosa, nilizificha mimi.

Saluni ilikuwa nyembamba, viti vitatu, moshi wa nyama choma ukiingia mlangoni. Alikuwa na ile ile miwani, kishikio chake kimoja kimefungwa kwa uzi. Alinitambua kwa sauti kabla sijamaliza kusalimu.

"Ni mtoto wangu wa Riruta," akawaambia wenzake, akanivuta kifuani. Akanitafutia stuli, akafuta vumbi kwa kiganja. Mteja wake alikuwa chini ya mashine ya kukausha, kwa hiyo tulikuwa na muda.

Nikaanza. Nilisema nimekuja kwa sababu ya ile oda ya buluu. Nilisema moto haukuzidi. Nilisema waya niliyonunua haikuwa ya mzee, ilikuwa stenlesi, na kwamba stenlesi nayo haishiki sumaku, ndipo nikadanganyika, na kosa lote lilikuwa langu. Nilisema yote hayo kwa mfululizo, bila kufika kwenye rafu ya juu, nikiwa nimeshika mkoba mapajani, vidole vyangu vikiwa juu ya zipu.

Uso wake ukabadilika polepole, na nilichokiona usoni hapo sikuwa nimejiandaa nacho. Ilikuwa furaha.

"Kumbe niliona sawa," akasema.

"Uliona sawa."

"Ilikuwa chungwa."

"Ilikuwa chungwa, mama."

Akacheka kidogo, akajipiga paja. "Na mimi miaka yote hii. Hata kwa binti yangu nakataa kushika mtoto karibu na jiko, nasema macho yangu hayana maana." Akavua ile miwani, akaikunja, akaiweka kwenye kikapu cha rola. Kisha akanigeukia, macho yake matupu yamenitazama moja kwa moja, akauliza swali ambalo katika maneno yangu yote niliyopanga sikuwa nimelifikiria.

"Wewe ulikuja kujua lini?"

Njiti zilikuwa chini ya vidole vyangu. Nilizihisi kupitia ngozi ya mkoba, zote sita. Kama ningezitoa, angezitambua. Mtu huyu angetambua waya yake popote, na angejua kwamba njiti zilizonyooka hazikutoka mahali pengine ila rafu ya juu, na kwamba aliyekuwa nazo alikuwa nazo tangu asubuhi ile. Nilikuwa nimebeba ushahidi wa macho yake, na ulikuwa ushahidi wangu pia.

"Juzi," nikasema. "Nikiwa nafundisha darasa. Ndipo nikaelewa."

"Juzi," akarudia, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Na hukukaa nayo hata wiki. Ukaamka ukanitafuta." Akawaita wenzake wawili waliokuwa wakisuka. "Mnaona huyu? Mtu amegundua kosa la miaka saba, lake mwenyewe, akatoka kwake akaja kuniambia. Siku hizi nani anafanya hivyo?" Wale wanawake wakasema kweli, mtu kama huyo ni nadra. Mmoja akaniombea kwa Mungu palepale, na kitana mkononi.

Mashine ikamaliza, mteja akatoka chini yake. Mama alichukua ile ndogo ya mkono aanze kumnyoosha, akaiwasha, akachungulia ndani ya mdomo wa mashine bila miwani, kwa umbali wa mkono.

"Hii inaenda kufa," akamwambia mwenye saluni. "Waya yake iko mahali pamoja inawaka kuliko kwingine. Mwezi haitamaliza."

Nikachungulia nami. Ilinichukua muda kupaona.

Hakunikubalia niondoke na njaa. Alimtuma mtu kibanda cha mbele, ikaja nusu kilo ya mbuzi, ugali na kachumbari, akanikataza kulipa chochote. Akanikatia vipande laini akavisogeza upande wangu. Nilikula. Nilikula hadi sahani ikaisha, kwa sababu kila nilipopumzika alisema, "Ongeza, mtoto wangu."

Njiti zilirudi juu ya kabati usiku ule. Bado ziko huko.

Aliomba namba yangu nikampa. Sasa kila Jumapili asubuhi, akitoka ibadani, hunitumia ujumbe wa sauti. Hunishukuru upya, akisema tangu siku ile ameanza kutunga sindano mwenyewe, na kwamba ananitaja mbele za Mungu kwa jina, mimi mwenye moyo mweupe. Mimi huusikiliza hadi mwisho, nikiwa nimesimama. Kisha huandika: Amina, mama.